Seli za Beldina

Saa moja na dakika kumi asubuhi, Jumanne moja ya Machi 1994, Selpha alifuta kioo cha hadubini akatazama tena. Tone alilolichota kwenye chupa ya seli lilikuwa tupu. Kwa wiki tatu, katika maabara ya hospitali yao ndogo mjini Kisumu, alikuwa amekuza seli za ngozi ya Beldina, mchuuzi wa samaki kutoka Asembo Bay aliyemwagikiwa mafuta ya moto mkononi. Saa nne daktari angezidunga kwenye kidonda. Bila hizo, kovu lingevuta vidole vikunjike daima.

"Zimekufa," alisema Joram, fundi wa jenereta, akiwa mlangoni. "Stima ilipotea saa kumi na moja. Sasa mtanisingizia mimi."

"Zingekufa, ningeona maiti zake, Mzee. Hapa hakuna hata moja. Mtu amebadilisha chupa."

"Basi muulize Sista Agneta. Ufunguo wa maabara anao yeye."

Agneta, muuguzi wa zamu, alikunja uso. "Selpha, unanifanya mwizi?"

"Nauliza tu nani aliushika, Sista."

"Mimi. Isipokuwa saa kumi na mbili, Wepukhulu wa benki ya damu aliuomba. Alitaka kuona kama kabati la joto la kutunzia seli limezimika. Nikamsifu kwa bidii yake."

Selpha alitembea polepole ukumbini. Adui wa Beldina angezimwaga tu. Huyu aliacha chupa nyingine ili apate muda. Alizitaka zikiwa hai. Lakini seli hizo huhitaji joto la mwili, na benki ya damu ina majokofu tu. Angezitunza wapi?

Saa mbili na nusu alimkuta Wepukhulu mezani pake, koti limefungwa vifungo vyote, jasho likimtiririka. Wepukhulu alimsalimu kwa mkono wa kulia. Wa kushoto ulibana ubavu.

"Bwana Wepukhulu, nishushie lile boksi la juu. Mimi sifiki."

Alinyoosha mkono mmoja. Boksi likayumba.

"Tumia yote miwili."

"Bega linauma."

"Haliumi. Kuna kitu unakipasha joto."

Wepukhulu alifungua koti taratibu, akatoa kwapani chupa iliyofungwa kwa leso.

"Ni kwa ajili ya dada yangu, Nasipwondi," alisema. "Maji ya moto yalimchoma mguu. Nimepima damu yake mimi mwenyewe, ni kundi O. Ya Beldina pia ni O. Nilitaka kupanda basi la saa sita."

"Damu ingekubali. Ngozi ya mtu mwingine haikubali, mwili huitupa. Beldina angepoteza mkono wake, na dada yako asipone."

Akakaa chini. "Sikujua."

"Ungeuliza. Tungekata kipande kidogo cha ngozi yake mwenyewe, tukikuze. Mlete Alhamisi. Lakini kwanza utamwambia Beldina, wewe mwenyewe, mbele ya daktari."

Selpha alitia tone la rangi ya buluu, ambayo huingia kwenye seli zilizokufa tu. Kati ya seli mia, tisini zilibaki nyeupe.

Saa nne daktari alichagua sindano nene, maana nyembamba huponda seli. Wepukhulu alisimama kando ya kitanda akasema yote.

Beldina alimgeukia. "Umezibeba kwapani tangu saa kumi na mbili?"

"Ndiyo, Mama."

"Na ulikuwa umeoga?"

Agneta alicheka. Beldina hakucheka. Alimnyooshea Wepukhulu mkono wake usioungua.

"Kaa hapa. Daktari anasema itauma. Shika huu."