Mdomo wa Ambwene na Majani ya Mpera

Mvuke wa mahindi ya kuchemsha ulitanda kando ya foleni ya malori pale mpakani Tunduma, na Atupele, ndani ya gauni lake la kitenge cha njano, alikuwa akichagua hindi laini huku akipigwa vikumbo na wabadilisha fedha. Jirani yake, kijana mrefu mwenye shati jeupe lililonyooka kwa pasi, aling'ata hindi lake akaacha damu kwenye punje. Atupele akamkodolea macho mdomoni. Alikuwa anasomea afya ya kinywa na meno, na macho yake yalikwishazoea kwenda huko bila ruhusa.

"Dada, unaitazama sana midomo yangu," kijana akasema, amejaa maringo. "Ukiipenda sema tu."

"Ninatazama fizi, kaka. Zinavuja damu."

Mwingine angeona haya akaondoka. Ambwene, wakala wa forodha aliyezoea kubishana na madereva kutwa nzima, aliomba namba ya simu.

Wee, simu zikaanza! Asubuhi alipiga kuuliza kama mrembo ameamka, mchana kama amekula. Jioni hakuwa na la kuuliza lakini alipiga vilevile. Atupele akamweleza utafiti wake wa chuo: alikuwa akichemsha majani ya mpera kutoka shambani kwa wazazi wake, kule Mbozi, aone kama maji yake yanaua bakteria wanaoharibu fizi. Ambwene akajitolea bakteria wake hata kabla ya kuombwa. Alipitishwa usufi kwenye fizi akatoka pale anachekacheka peke yake barabarani.

Mambo yaliharibika siku Ambwene alipomfuata maabara bila taarifa, kanyoa, kajipulizia manukato. Alimkuta Recho tu, mwanafunzi mwenzake Atupele, binti asiyejua kubana ulimi, akajitambulisha kwake.

"Kumbe wewe ndiye ule mdomo wa bakteria?" Recho akacheka. "Tumekusema sana humu."

Ambwene aliaga kwa adabu. Tangu hapo simu yake ikawa inaita mpaka inakata. Alipokuja kupokea, alisema tu ana malori ya kuvusha, na kama dada anahitaji usufi mwingine amtume mtu. Kuitwa dada tena kulimchoma Atupele. Alilia, chakula kikamshinda, kisha hasira zikampanda: ataachwaje kwa kosa asilolijua? Aliposikia kwamba Ambwene alifika maabara akamkuta Recho, alimbana Recho mpaka akasema yote. Akavaa gauni la bluu lililomkaa vizuri kiunoni, akapanda bodaboda hadi kwenye yadi ya malori.

Ambwene alikuwa anakagua turubai la lori.

"Ulinipendea bakteria, Atupele," alisema bila kugeuka.

"Bakteria wako nilishawatupa."

"Kwa nini?"

"Kisahani nilichooteshea bakteria wako kilikuwa na majibu mazuri kuliko vyote. Maji ya mpera yaliwafagia, pakabaki peupe. Lakini nilimwambia mwalimu siwezi kukitumia, kwa sababu mwenye mdomo huu nampenda, na nikimpima nitaona ninachotaka kuona. Darasa zima lilisikia. Ndiyo maana Recho anakujua."

Ambwene aliliacha turubai. Alijisikia mjinga na mwenye bahati kwa pamoja, akamshika mikono, akaomba radhi. Kisha akasema kwamba, kama atakubali, Jumamosi mjomba wake Fanueli ataondoka kwenda Mbozi kupeleka posa. Atupele alikubali kwa sharti moja: kwanza Ambwene akasafishwe meno, kwani majani ya mpera hayawezi kung'oa ukoga uliokwisha kuwa mgumu.

"Utanisafisha wewe?"

"Atakusafisha Recho, hana huruma. Mimi nitakuonea huruma. Siwezi kumuumiza mume wangu."

Ambwene akamwomba alirudie neno la mwisho. Atupele akalirudia kwa sauti, mbele ya madereva wote waliokuwa wakisubiri mihuri.