Swali la Mfumaji wa Kwapa

Roselyn Nasirumbi aliuza mapazia katika soko la Busia, upande wa Kenya. Asubuhi wateja walikuwa wengi. Lakini ikifika saa nane mchana, jua likiwa kali, soko lilipoa. Hapo ndipo Roselyn alipotoa sindano yake ya kufumia, ile yenye ndoano nchani, na bunda la uzi. Alifuma vitambaa vya makochi, kofia za watoto, hata mikoba. Mikono yake ilikwenda mbio huku macho yakitazama wapita njia.

Mume wake, Chrispinus, alikuwa dereva wa pikapu. Alisambaza spea za baiskeli. Karibu kila siku alivuka mpaka kuingia Uganda, akazunguka miji ya Tororo, Nabuyoga na Kwapa. Binti yao, Bridgit, alikuwa shule ya bweni. Kwa hiyo mchana Roselyn alikuwa na uzi wake, na simu yake.

Katika simu kulikuwa na kundi la WhatsApp lililoitwa Wafumaji wa Mpakani. Lilianzishwa na jirani yake, Maximilla, mwalimu mstaafu wa sayansi ya nyumbani. Watu wote walimwita Mwalimu. Kundi lilikuwa na watu zaidi ya mia, wengine wa Kenya, wengine wa Uganda. Walitumiana picha za kazi zao. Waliulizana maswali. Roselyn alikuwa fundi, na kila mtu alilijua hilo. Yeye mwenyewe alilijua zaidi.

Jumanne moja aliingia mtu mgeni. Jina lake kwenye simu lilikuwa "E. wa Kwapa". Hakuna aliyejua kama ni mwanamume au mwanamke. Mgeni alituma picha ya kitambaa cha bluu. Upande mmoja kilikuwa chembamba, upande wa pili kimetanuka na kukunjamana. Chini yake aliandika:

"Habari yenu wote. Mimi nafuma hii kitambaa wiki tatu. Imepinda. Makosa iko wapi? Naomba mafundisho."

Roselyn alicheka peke yake. Akabonyeza kitufe cha kurekodi sauti.

"Jamani!" alisema. "Hiki ni kitambaa au ni sikio la mbuzi? Wiki tatu! Mbuzi mwenyewe angemaliza mapema. Na hicho Kiswahili je, kimevuka mpaka bila pasi?"

Akatuma. Mara simu ikaanza kulia, ting, ting, ting. Watu walituma vikaragosi vya kucheka hadi machozi. "Roselyn utatuua!" mmoja aliandika. Roselyn alitabasamu, akaendelea kufuma.

Baada ya muda mgeni aliandika maneno mawili: "Asante. Samahani." Kisha simu ikaonyesha kwamba ametoka kwenye kundi.

Roselyn hakuliona hilo. Alikuwa anampimia mteja pazia.

Ijumaa jioni Chrispinus alirudi nyumbani. Alinawa mikono. Alikaa mezani. Hakugusa chakula.

"Baba Bridgit, kuna nini?" Roselyn aliuliza. "Gari limeharibika?"

"Gari ni zima. Leo nilisimama Kwapa, kwenye kibanda cha chai. Vijana walikuwa wanasikiliza simu na kucheka. Nikasikia sauti. Mama Bridgit, nilisikia sauti yako ikitoka kwenye simu ya mtu nisiyemjua."

Roselyn aliweka sufuria chini. "Sauti yangu?"

"Sikio la mbuzi. Kiswahili kisicho na pasi. Waliicheza mara tatu. Pembeni alikaa mtu mmoja, mzee kunipita kidogo. Aliacha chai yake, akaondoka. Wakamwita kwa nyuma, 'Sikio la Mbuzi! Rudi, umesahau mkia!'"

"Lakini ulikuwa utani tu," Roselyn alisema. "Nilituma kwenye kundi letu. Nani aliipeleka Kwapa?"

"Sijui nani. Ninajua tu kwamba walicheka, na mimi sikucheka. Sikuweza hata kuwaambia kwamba huyo ni mke wangu."

Roselyn aliichukua simu, akaitafuta ile sauti. Alijaribu kuifuta. Simu ilimwambia anaweza kuifuta kwake tu, muda wa kuwafutia wote umepita. Lakini hata kama angeweza, ingesaidia nini? Maji yakimwagika hayazoleki.

Asubuhi ya Jumamosi, kabla hajaenda sokoni, hodi ilibishwa mlangoni. Alikuwa Mwalimu Maximilla. Roselyn alimkaribisha kiti na chai.

"Nilikuwa mazishini Funyula tangu Jumanne, simu imezimwa," Mwalimu alisema. "Jana nimeiwasha, nikasikia ulichosema. Nimeona bora nije mwenyewe kuliko kukuandikia mbele ya watu."

"Mwalimu, nilikuwa natania."

"Najua. Una ulimi mtamu, hata mimi hunichekesha. Hebu nifanyie kitu kimoja. Icheze hiyo sauti hapa. Nitazame mimi machoni, kana kwamba kitambaa ni changu."

Roselyn aliibonyeza. "Jamani! Hiki ni kitambaa au..." Sauti ilijaa chumba. Roselyn alimtazama Mwalimu, na Mwalimu akamtazama yeye. Ilipofika kwenye mbuzi, Roselyn aliizima kwa haraka.

"Unaona?" Mwalimu alisema kwa upole. "Kwenye simu hatuoni uso wa mtu. Tunaona picha na maandishi, tunasahau kwamba nyuma yake kuna mtu ameshika pumzi anasubiri jibu. Kama neno huwezi kumwambia mtu sebuleni kwako, usimwambie kwenye simu."

"Huyo mtu ni nani, Mwalimu? Unamfahamu?"

"Ninamfahamu. Mke wake ndiye aliyeniomba nimwingize. Kuna jambo lake ninalijua, lakini si langu kulisema. Na hata lisingekuwepo, Roselyn, ungekuwa umekosea vilevile."

Roselyn aliinamisha kichwa. "Sasa nifanye nini?"

"Wewe unaonaje?"

"Niombe msamaha."

"Wapi?"

"Nimwandikie yeye."

"Mwandikie yeye, ndiyo. Lakini ulimcheka mbele ya watu mia. Hao mia nao wasikie."

Roselyn alichukua simu, akaandika. Kisha akasoma kwa sauti: "Samahani kama kuna mtu alikwazika na utani wangu."

Mwalimu alitikisa kichwa. "'Kama' ya nini? Yupo aliyekwazika, na unamjua. Na ukiita utani, ni kama unamwambia kosa ni lake kwa kutocheka."

Roselyn alifuta. Akaandika tena, polepole:

"Mimi Roselyn nilimcheka mgeni wetu wa Kwapa. Nilicheka kazi yake na lugha yake. Nilikosea. Namwomba msamaha. Aliye na ile sauti naomba aifute, asiitume tena. Ukiwa umeshaituma, mwambie uliyemtumia aifute pia."

"Hapo sawa," Mwalimu alisema. Akanywa chai kidogo. "Na bado kuna jambo moja. Mtu huyu aliuliza swali. Hadi leo hakuna aliyemjibu."

Maneno hayo yalimgusa Roselyn kuliko yote. Aliifungua ile picha ya kitambaa cha bluu. Safari hii aliitazama kama fundi. Alikuza picha kwa vidole viwili. Alihesabu mishono.

"Anaongeza mshono mwishoni mwa kila mstari," alisema. "Tundu la mwisho analiingia mara mbili. Ndiyo maana kinatanuka. Akihesabu mishono kila mstari, kitanyooka." Akaikuza picha tena. "Lakini mishono yenyewe ameikaza sawasawa, Mwalimu. Hii ni kazi ya mtu mwenye subira."

Alimwomba Mwalimu amshikie simu. Alifuma mistari mitatu taratibu, akihesabu kwa sauti, na Mwalimu akarekodi mikono yake. Kisha akamtumia mtu wa Kwapa video ile pamoja na maneno ya msamaha. Mwishoni aliongeza: "Si lazima unijibu."

Hakujibiwa. Siku ya kwanza, kimya. Siku ya pili, kimya.

Kwenye kundi, mambo yalikuwa tofauti. Wengi walimshukuru Roselyn. Lakini Paddy, fundi wa kofia kutoka Tororo, aliandika: "Nyinyi Wakenya ni madharau tu. Leo samahani, kesho tena." Clifford wa Busia akamrukia: "Mjifunze Kiswahili kwanza ndipo muongee!" Wengine wakaingia, huyu akitetea nchi yake, yule akitetea yake. Uzi ulisahaulika kabisa.

Roselyn alisoma akiwa sokoni. Damu ilimchemka. Alikuwa ameomba msamaha, sasa Paddy alitaka nini tena? Akaandika jibu refu lenye miiba. Kidole kilikuwa juu ya kitufe cha kutuma. Akakumbuka sauti yake mwenyewe ilivyojaa chumba. Aliigeuza simu, akailaza kifudifudi. Akakunja mapazia yote yaliyokuwa mezani, moja moja, hadi moyo ulipotulia. Kisha akafuta lile jibu, akaandika lingine:

"Paddy, una haki ya kukasirika. Aliyekosea ni mimi Roselyn, si Kenya. Clifford, asante kwa kunitetea, lakini tafadhali usinitetee kwa kumtukana mwenzetu. Kiswahili cha Tororo na cha Busia vyote vinauza na kununua. Tunaelewana."

Kisha Paddy akaandika: "Sawa, mama. Mimi pia nilisema kubwa. Si wote wabaya." Kesho yake Clifford aliuliza, kwa adabu, jinsi Paddy anavyomaliza ukingo wa kofia. Paddy alimtumia picha nne.

Jioni hiyo Mwalimu aliwaandikia wote. Aliwaomba wasahihishe kazi bila kumgusa mwenye kazi. Wasicheke lugha ya mtu, wala kabila, wala nchi. Sauti au picha ya mwenzao isitoke nje ya kundi bila ruhusa yake. Mtu akikosea, aambiwe kwanza faraghani. Akirudia, Mwalimu atamtoa, na mlango wa kurudi utakuwa wazi. Hakuna aliyepinga.

Roselyn alipita kwa Mwalimu akitoka sokoni, akiwa na ndizi mbivu mkononi.

"Za nini hizi?" Mwalimu aliuliza.

"Za asante. Ungeweza kunianika mbele ya kundi zima, na ningestahili. Lakini ulikuja mlangoni kwangu."

"Mwenzangu alinifanyia hivyo zamani, nilipokuwa mwalimu mpya mwenye kelele," Mwalimu alisema, akacheka. "Bado namshukuru. Keti tule."

Wiki mbili zikapita. Siku moja ya soko, mwanamke na mwanamume walisimama mbele ya meza ya mapazia. Mwanamke alivaa kitambaa cha kichwa cha manjano. Mwanamume alikuwa mrefu, na mkono wake wa kulia aliuweka mfukoni.

"Ni wewe Roselyn wa uzi?" mwanamke aliuliza. "Mimi naitwa Asio. Huyu ni bwana yangu, Elungat. Sisi natoka Kwapa."

Roselyn alisimama. "Karibuni," alisema. "Karibuni sana. Baba, kile nilichosema..."

"Uliandika, nilisoma," Elungat alisema. Alizungumza polepole, kila neno mahali pake. "Mwaka jana nilipata kiharusi. Hii mkono ililala. Daktari alisema vidole ifanye kazi kidogo kidogo kila siku. Asio anafuma, akanifundisha. Mimi naona aibu, mwanaume na uzi. Lakini naona vidole inaamka, basi nafuma."

"Ile siku ya kibanda," Asio alisema, "alirudi nyumbani, akaficha uzi juu ya kabati. Siku kumi na moja hakugusa. Mkono ikaanza kukaza tena. Nililia."

Roselyn alifunika mdomo. Sasa alilijua lile jambo ambalo Mwalimu hakulisema.

"Halafu Asio akaniwekea ile video," Elungat aliendelea. "Sioni uso yako, naona mikono tu. Unahesabu moja, mbili, tatu, kama mama anahesabia mtoto. Nikasema, huyu mtu amejibu swali yangu. Nikachukua uzi."

"Na wale vijana wa kibanda?"

Elungat alitabasamu upande mmoja wa mdomo. "Mmoja alikuja kwangu. Alisema ameambiwa na dada yake wa kundi afute. Akafuta, akaomba samahani. Sasa anataka nimfumie kofia."

Asio alifungua mkoba, akatoa simu. Alimwonyesha Roselyn picha iliyopigwa asubuhi ile: Elungat mlangoni kwao, amevaa shati jeupe. "Hizi vifungo zote," Asio alisema, akivigusa kimoja kimoja kwa kidole, "amefunga mwenyewe. Leo ni mara ya kwanza."

Roselyn alishindwa kuyazuia machozi. "Mniwie radhi," alisema. "Na asanteni kwa kuja. Mngeweza kukaa kwenu na hasira yenu."

"Hasira ni nzito kubeba mpaka Busia," Elungat alisema. "Eyalama noi. Kwetu ni asante sana."

Akautoa mkono wa kulia mfukoni. Aliunyoosha juu ya mapazia, ukitetemeka kidogo. Roselyn akaupokea. Vidole vilijifunga kwenye kiganja chake polepole, kimoja kimoja. Alingoja, hakuuvuta mkono wake, hadi Elungat alipomwachilia mwenyewe.