Tilapia Kumi na Wawili

Nakiri kwamba sikulielewa swali. Lilinijia kwa simu mnamo saa kumi na mbili jioni, siku ya kuamkia karatasi ya maabara ya biolojia, na aliyeuliza alikuwa Nanjala, mwanafunzi wangu. "Mwalimu, mtu asiyekula samaki akinunua samaki kumi na wawili, tunahitimisha nini?" Nilikuwa nikisahihisha michoro ya jani, kalamu nyekundu mkononi, nikamjibu kama nijibuvyo maswali yote. Sikutambua kwamba msichana alikuwa akilia. Kulikuwa na jambo la pili pia ambalo sikulitambua, nalo ni la kitaaluma zaidi. Litafika mahali pake.

Wakati huo nilifundisha darasa la marudio kila Jumamosi katika ukumbi wa kanisa mtaani Noonkopir. Wanafunzi wangu walikuwa watu wazima kumi na wawili waliotaka kuurudia mtihani wa kidato cha nne: kinyozi, mlinzi wa benki, mama wa watoto watatu, na wengine wa namna hiyo. Wote walijiandikisha kuufanyia katika shule moja changa ya kutwa, ambayo bado haikuwa na kidato cha nne chake, iliyo kando ya barabara ya Namanga, kabla ya kufika Kisaju. Nanjala alikuwa na umri wa miaka ishirini na minne. Aliuza dawa za mifugo mjini Kitengela, na alitaka kuingia chuo kimoja cha uuguzi kule Kajiado ambacho hakingempokea bila C+ ya biolojia. Mara ya kwanza aliangushwa na karatasi ya maabara. Sampuli zilipowekwa mbele yake mikono ilimtetemeka, akatoka chumbani kabla ya kufika swali la pili. Sasa alikuwa ameapa kwamba hii ndiyo mara ya mwisho.

Mwezi wa Mei niliwaagiza wanafunzi kila mmoja akate figo kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana Nanjala alikuwa buchani Jumamosi ile saa nane mchana, wakati mji wa Kitengela umejaa watu hadi kwenye mitaro. Alivaa koti la kijani la kazini na raba nyekundu. Kando yake alisimama kijana mrefu mwenye shati la kaki lililopigwa pasi kwa uangalifu, bangili ya shanga mkononi, na mikono yake ilinuka spiriti.

"Figo niko na moja tu imebaki," alisema Maundu, mwenye bucha. "Nani alifika kwanza?"

"Mimi," walisema wote wawili.

"Dada, unaenda kupika na nini? Kitunguu?"

"Sipiki. Nataka kuikata nione ndani."

Maundu akamgeukia kijana. "Na wewe, Lesiamon?"

"Hata mimi sipiki."

"Ngai. Siku hizi nauzia wachawi?"

Foleni ilicheka. Nanjala alipendekeza figo ligawanywe. Maundu aliinua kisu, na wateja wake wawili wakamzuia kwa sauti moja: "Kwa urefu!" Ndipo walipotazamana kwa mara ya kwanza.

"Wewe ni daktari?" Nanjala aliuliza walipotoka nje, kila mmoja na nusu yake katika gazeti.

"Fundi wa maabara. Shule ile ya kabla ya Kisaju."

"Ah. Wewe ndiye unaosha chupa."

"Naosha chupa, natafuta panzi, nafungua mlango. Ukitaka, niite Profesa wa Chupa."

"Na figo la nini, Profesa?"

"La kuonyesha watoto wa fomu tatu. Na wewe?"

"La kuonyesha mikono yangu," alisema Nanjala. "Iko na uoga."

Kijana hakucheka. Nadhani mapenzi yalianzia hapo, katika kutocheka kule. Lesiamon alimweleza jinsi ya kukishika kisu: kidole cha shahada kikae juu ya mgongo wa kisu, kiwiko kitulie mezani. Kisha aliomba namba ya simu, ili ajue kama kiwiko kilitulia.

Kilitulia. Tangu siku hiyo simu ililia kila jioni saa mbili, Nanjala akiwa ameketi kwenye ngazi za nyumba waliyopanga na wazazi wake, Lesiamon akiwa chumbani kwake Kisaju. Kwanza salamu, kwa Kimaa, kwa sababu Nanjala alitaka kujifunza.

"Supa."

"Ipa, Sista." Alimwita Sista, kama muuguzi wa hospitali, tangu mwezi wa Juni, kana kwamba chuo kimeshamaliza naye. "Haya, niambie kazi tatu za ini."

"Niambie kwanza kama umekula."

"Nimekula nyama."

"Jana nyama, juzi nyama. Nikikupeleka kwetu Budalang'i utakufa njaa. Huko ni samaki asubuhi, samaki jioni."

"Nanjala, samaki ni nyoka aliyeoga."

"Na nyinyi mnaokunywa damu?"

"Hiyo ni chai, mpenzi. Ini."

"Sikiza kwanza, siku moja utahitaji. Usinunue samaki kama hujafunua shavu. Ukipata ndani ni nyekundu kabisa, nunua. Ikiwa imeanza kuwa kahawia, hiyo ni ya paka."

"Mimi na samaki hatutawahi kukutana sokoni, lakini nimesikia. Ini."

Walikwenda hivyo miezi mitano. Jumapili walitembea hadi ukingo wa mbuga, wakala mahindi ya kuchoma, Nanjala amevaa gauni la manjano ambalo Lesiamon alisema linaonekana toka Namanga. Mikono ya Nanjala ilikuwa imeacha kutetemeka. Darasani nililiona hilo, nikadhani ni matokeo ya ufundishaji wangu.

Kisha, wiki mbili kabla ya karatasi ya maabara, simu ilinyamaza. Ulikuja ujumbe mmoja: "Kazi imekuwa mingi. Sitapatikana kwa siku kadhaa. Nitakutafuta." Nanjala alipiga jioni hiyo, na ya pili, na ya tatu. Simu ililia hadi ikachoka. Siku ya nne alikwenda hadi lango la shule wakati wa chakula cha mchana. Mlinzi aliingia ndani, akarudi, akasema fundi hayupo. Nyuma ya kioo cha maabara Nanjala aliliona shati la kaki likirudi nyuma, mbali na dirisha.

Jumamosi iliyofuata alihamia kiti cha mwisho. Niliandika katika daftari langu kwamba amebadilisha kiti.

Siku ya kuamkia mtihani, saa kumi na moja jioni, alipita sokoni kununua nyanya. Kwenye meza za samaki alisimama Lesiamon, kikapu kipya mkononi, ameinama juu ya tilapia. Alikuwa akiwafunua mashavu mmoja baada ya mwingine. Alimwinua mmoja, akaangalia, akamrudisha. Alimwinua mwingine, akaangalia, akamtia kikapuni. Alifanya hivyo kwa uangalifu wa mtu aliyefundishwa vizuri.

"Lesiamon."

Aligeuka. Uso wake ulifurahi kwanza, kisha ukaingiwa na hofu. Alilivuta gazeti juu ya kikapu, akakificha nyuma ya mgongo.

"Nanjala. Sasa hivi siwezi kuongea."

"Sijakuomba uongee. Nimekusalimia tu."

"Tafadhali. Kesho." Alilipa bila kungoja chenji, akaondoka akipenya katikati ya watu, kikapu amekikumbatia kifuani.

Nanjala alibaki na mwenye meza, mama mnene mwenye leso ya zambarau kichwani, ambaye wateja humwita Mama Valerie.

"Alisema ni za nani?"

"Amechukua kumi na mbili, eti kuna watu kumi na wawili wanamngoja. Amechagua kama anachagua bibi." Mama Valerie alipangusa kisu. "Mmaasai kununua samaki mingi hivyo? Huyo anapeleka kwa wakwe. Watakuwa watu wa ziwa. Kwani unamjua?"

"Nilidhani namjua," alisema Nanjala.

Ndipo aliponipigia. Nimekwisha kutaja swali lake. Jibu langu lilikuwa hili: "Hatuhitimishi chochote. Uchunguzi mmoja hautoshi; tafuta wa pili."

"Na kama mtu hana nguvu ya kutafuta wa pili? Mwalimu, kesho nafikiria nisikuje."

Hapo nilipaswa kuweka kalamu chini. Badala yake nilisema, "Mtahini hawezi kumpa alama mtu aliyeondoka kabla ya kuziona sampuli zote. Usitoke tena, Nanjala. Ziangalie zote kwanza." Alishukuru kwa adabu, akakata simu. Jioni ile hakufungua kitabu hata kimoja. Alilala na nguo za kazini.

Asubuhi, watahiniwa wangu kumi na wawili waliingizwa maabara. Nanjala alikuja, kwa sababu mama yake alimwamsha na kumpigia pasi blauzi nyeupe, na hakuwa na maneno ya kumweleza. Alikalia stuli yake bila kuangalia mlango wa chumba cha vifaa, uliokuwa umefungwa. Mbele yake kulikuwa na visahani vitatu vilivyofunikwa kwa karatasi. Msimamizi, Bi Waithera, alisoma masharti, kisha akasema, "Funueni sampuli."

Katika kisahani cha kwanza kulikuwa na ganda la maharagwe. Katika cha pili, mfupa mdogo. Mikono ya Nanjala ilianza kutetemeka. Alikumbuka neno langu, akafunua cha tatu.

Lilikuwa shavu la samaki, limekatwa kwa ustadi, jekundu kabisa.

Aliliangalia kwa muda. Kisha akainua kichwa na kuvihesabu visahani vya tatu, chake pamoja na vya wenzake, hadi kumi na viwili. Akacheka; kicheko kidogo, lakini maabara ilikuwa kimya.

"Mtahiniwa, kuna kitu cha kuchekesha?" aliuliza Bi Waithera.

"Hapana, madam. Ni freshi tu."

Kiwiko chake kilitulia mezani. Aliandika hadi dakika ya mwisho.

Karatasi zilipokusanywa na bahasha kufungwa, alimkuta Lesiamon nyuma ya maabara, karibu na tangi la maji, akiosha visahani. Koti lake jeupe lilikuwa na magamba ya samaki kwenye mikono. Alisimama wima alipomwona, kama mtu anayengoja kusomewa alama.

"Supa," alisema Nanjala.

"Ipa."

"Wakwe walifurahia samaki?"

"Wakwe gani?"

"Uliza Mama Valerie. Soko lote linajua umeoa ziwani."

Lesiamon aliweka kisahani chini. "Ile orodha ya vitu vya maabara ilifika wiki mbili kabla. Mimi ndiye natafuta kila kitu. Mwalimu mkuu, Bwana Wamalwa, akatuuliza kama kuna mtu ako na jamaa kati ya watahiniwa. Nikasema niko naye. Akaniambia basi nisiongee naye hata kidogo mpaka karatasi iishe."

"Ungeniambia hivyo tu."

"Ningekuambia, ungeuliza swali moja. Halafu la pili. Nanjala, wewe ukiniuliza kitu mara mbili, uso wangu unajibu. Jana karibu ujibu."

"Jana ningeweza kusoma shavu la samaki masaa kumi na mbili," alisema Nanjala polepole. "Nililiona kwa macho. Nikalia badala ya kusoma."

"Nilijua umeliona. Jana hiyo hiyo nikarudi kwa Bwana Wamalwa, nikamweleza. Akaniuliza, amejua ni ya nini? Nikasema, vile ameniangalia, hajafikiria mtihani."

Nanjala alichukua kisahani kimoja, akaanza kukisuuza.

"Nilikuwa nimeamua kutokuja leo. Ujue hivyo. Ulichunga karatasi vizuri, lakini mimi ulikaribia kunipoteza pamoja na chuo."

"Najua. Nisamehe."

"Bado nafikiria." Alichukua kisahani kingine. "Ulimwambia mimi ni jamaa yako gani?"

Lesiamon aliangalia maji. "Kulikuwa na fomu. Lazima uandike uhusiano."

"Ukaandika?"

"Mchumba."

"Lesiamon. Umeniposa kwa mwalimu mkuu?"

"Na mhuri ukapigwa."

"Na mimi nisiulizwe?"

"Sikuwa naruhusiwa kuongea na wewe," alisema Lesiamon.

Hapo Nanjala aliliegemea tangi na kucheka hadi machozi yakamtoka, safari hii bila msimamizi. Alipomaliza, alimwambia kwamba fomu ile aihesabu kuwa nakala ya rafu, na kwamba nakala safi Lesiamon ataileta kwa wazee Budalang'i kwa miguu yake mwenyewe, na atakula chochote atakachopewa.

"Hata kichwa?"

"Kichwa ndicho hupewa mgeni."

"Basi nitafunua shavu kwanza," alisema Lesiamon.

Kuhusu lile jambo la pili: nilikuwa na wanafunzi kumi na wawili, na jioni ya kuamkia karatasi ya maabara niliambiwa juu ya samaki kumi na wawili. Mwalimu aliyefundisha biolojia miaka thelathini angeweza kuunganisha. Nashukuru kwamba sikuunganisha, kwa kuwa sijui kama ningeificha siri ya mtihani au ningewaambia wanafunzi wangu. Lakini kwamba sikukisikia kilio katika sauti yake, hilo sishukuru.

Nanjala alipata B-. Sasa yuko Kajiado, mwaka wa pili wa uuguzi, na wazee wa pande mbili walikutana mwezi wa Agosti. Lesiamon anakula samaki, ingawa wa kukaangwa tu. Mimi, simu ikilia jioni, huweka kalamu chini kabla ya kuipokea.