Warumi wa Uani

Askari wa pembeni alikuwa anaitazama kamera, na Muhsin hakumweka hivyo.

Muhsin alikuwa amelala kifudifudi uani kwake, Chanika, Handeni mjini, shavu vumbini, simu ameiegemeza kwenye kopo la maziwa. Mbele yake Warumi wake, vinyago vya askari wa udongo, walikuwa wanapanda mlima, yaani lundo la mchanga uliobaki kwenye ujenzi, ngao zimebanana, mikuki mbele, nyuso zote zimeelekea jua linapozama. Aliwapanga mwenyewe, mmoja mmoja. Lakini kwenye picha yule wa pembeni alikuwa amegeuza kichwa. Muhsin akainua macho amtazame pale mchangani, akamkuta anatazama mlima kama wenzake.

"Muhsin!" Mzee Sadala, jirani yake, alikuwa amesimama upande wa pili wa uzio na birika lake la udhu. "Magharibi hii unalala chini? Wenyewe ndio wanapita saa hizi."

"Shikamoo mzee. Namalizia tu. Mwanga ukiwa chini hivi ndio wanaonekana watu kweli."

"Marahaba. Basi hicho ndicho ninachokukataza."

Muhsin akacheka, akapiga picha nyingine tatu.

Wanaume wengine wa rika lake walikuwa na bao, wengine mpira, wengine wake za watu. Yeye alikuwa na Warumi. Mchana alikuwa studio akipiga picha za pasipoti, kazi iliyokuwa inakufa tangu kila mtu awe na simu, na jioni aligeuka jemadari. Alijifunza kwa kutazama video za Wazungu waliokuwa na rangi na vifaa vya kila aina. Yeye hakuwa navyo, akatumia alichonacho. Miili aliifinyanga kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na gundi ya mbao. Ngao zilitoka kwenye dumu bovu, na mavazi ya chuma kwenye makopo ya soda. Mkewe, Maryamu, alikuwa fundi cherehani, anashona sare za shule pale pale nyumbani. Kwa hiyo vitambaa vyekundu vya mabegani vilitoka kwenye mabaki yake, na kila sindano ya cherehani iliyovunjika ikawa mkuki.

Yalibaki manyoya ya juu ya kofia. Muhsin alijaribu katani kutoka Korogwe, lakini kwenye picha askari wakaonekana wamejitwika mafagio. Ndipo alipokumbuka nywele za kwenye kitana. Maryamu akimaliza kuchana huzivingirisha nywele zilizong'oka, akazichomeka kwenye ufa wa ukuta zikingoja kufukiwa, kama alivyofundishwa na mama yake, maana nywele za mtu hazitupwi ovyo. Muhsin alikuwa anazichukua kabla hazijafukiwa. Zilikuwa laini, nyeusi, na zilikaa vizuri kwenye gundi. Aliyemtengeneza mwisho alikuwa akida, mkubwa wa jeshi, na huyo alimpa fungu nene kuliko wote. Maryamu hakuulizwa.

Siku chache baada ya picha ile, kuku wa Maryamu aliyekuwa na vifaranga hakutoka kwenye kiota. Maryamu alimwinua, akagutuka, akamtupa. Mwili wote ulikuwa umetobolewa vitundu vidogo vidogo hadi manyoya yameshikana kwa damu. Vifaranga vilikuwa vimelazwa chini kwa mstari mnyoofu, kila kimoja kimepasuliwa koo.

"Nguchiro huyo," alisema Muhsin.

"Nguchiro gani anayepanga mstari, Baba Yusra?"

 Muhsin alikwenda kwenye rafu yake, chumba cha nyuma, akawakuta Warumi wamesimama alipowaacha. Nzi walikuwa wametua kwenye mikuki. Alichukua kitambaa akaifuta mmoja mmoja, kitambaa kikawa chekundu, akajiambia ni kutu. Na hapo ndipo ninapomlaumu kuliko popote, kwa sababu mtu mzima anaijua kutu.

Baada ya hapo nyumba ikabadilika harufu. Ilinuka udongo uliolowa mvua, na mvua yenyewe Handeni ilikuwa haijaonekana kwa miezi. Ilinuka nywele zinazoungua, na jikoni hakuna moto. Watu wakikaa kimya, mchana kweupe, ilisikika sauti ndogo chumba cha nyuma, kama mchele unaopepetwa kwenye ungo. Maryamu alianza kuamka na nyayo zenye madoa ya damu. Alikanyaga cherehani hivyo hivyo, na kanyagio likawa linateleza.

"Kichwa kinaniuma," alimwambia mumewe kwa sauti ya chini, kama anayeogopa kusikiwa. "Ni kama watu wengi wananivuta nywele, kila mmoja upande wake. Baba Yusra, nakuomba, watoe watu wako hawa. Nashukuru Mungu mtoto yuko kwa bibi yake Korogwe."

"Ni udongo tu, mke wangu."

Alikuwa anawapenda, na alikuwa anaogopa kuulizwa nywele zimetoka wapi. Basi akawaacha pale pale rafuni.

Ijumaa, baada ya swala ya alasiri, Muhsin alikuwa anasukuma mlango wa uani aliposikia ukelele. Aliingia mbio, Mzee Sadala nyuma yake na jembe aliloliokota uani. Maryamu alikuwa amesimama juu ya kiti cha cherehani, kanga ameikumbatia. Chini, pande zote nne za kiti, Warumi walikuwa wamejipanga, ngao kwa ngao, mikuki imemwelekea yeye. Hakuna aliyewabeba kuwaleta pale.

"Audhubillahi!" Mzee Sadala akainua mguu akamkanyaga wa kwanza.

Udongo ulivunjika chini ya kandambili, na papo hapo ubavuni mwa Maryamu kitu kikalia ko! kama kuni kavu. Maryamu akakunjika, akaanguka juu ya cherehani, mdomo wazi, pumzi haitoki. Mzee hakuelewa, akakanyaga wa pili, na kidole cha Maryamu kikapinda nyuma peke yake mpaka mfupa ukatokeza. Ndipo jeshi lilipogeuka. Walimpanda mzee miguuni kwa haraka ya siafu, chini ya kanzu, kifuani, shingoni, wakichoma wanapopita, na mzee akawa anajipiga na jembe lake mwenyewe huku kanzu nyeupe ya Ijumaa inalowa, akajigonga ukutani, akapiga magoti, na alipofungua mdomo kuita jina la Mungu mmoja wao alikuwa amekwisha kufika usoni, akauzamisha mkuki kwenye jicho lake la kushoto mpaka kitambaa chekundu cha begani kikagusa kope.

Muhsin alimburuta mzee hadi mlangoni. Halafu akafanya kosa lililo baya kuliko yote. Alichukua chupa ya petroli ya pikipiki, akaimwaga juu ya askari waliokuwa wanarudi kujipanga, akawasha kiberiti.

Moto ulishika kofia zao kwanza, yale manyoya, na kutoka upande wa cherehani, ambako hakukuwa na tone la petroli wala cheche, kichwa cha Maryamu kikawaka. Kikawaka chote kwa mara moja, nywele zikijikunja na kulia, kanga ikiyeyukia shingoni, na yeye akipiga yowe moja lisilokatika huku mkono wake uliovunjika ukijaribu kuzima moto usiotoka mahali popote, na Muhsin akasimama katikati asijue amrukie mkewe au awarukie askari, mpaka akili ikamjia akajitupa juu ya Warumi, akauzima moto kwa kifua chake na viganja vyake, nao wakimchoma mikuki kutokea chini. Moto wao ulipozimika, wa Maryamu ukazimika pia.

Mzee Sadala alipelekwa hospitali akiwa hai, jicho halipo. Maryamu hakupelekeka, kwa sababu kila walipomfikisha mlangoni nyayo zake zilianza kutoka damu upya. Ndipo mke wa mzee alipopiga simu Mashewa kwa Bi Mwantumu, mganga wa majini.

Bi Mwantumu alifika asubuhi kwa basi kupitia Korogwe, mwanamke mfupi mwenye mfuko wa plastiki na hasira ya mtu aliyeachishwa palizi. Akasimama mlangoni, akanusa.

"Asinililie mtu hapa. Nani aliwatengeneza?"

"Mimi, bibi. Shikamoo."

"Marahaba. Nywele ulizitoa wapi?"

Muhsin akatazama chini. Maryamu alikuwa amelala kwenye mkeka, kichwa kimefunikwa shuka nyepesi, uso umevimba. Ghafla akakaa wima kama aliyeinuliwa, na sauti iliyotoka kwake ilikuwa nzito, ya kiume, isiyo na haraka.

"Nilikuwa napita njia yangu jua linazama. Nikamkuta mtu kalala chini, uso kauweka njiani kwangu, na mbele yake jeshi limejipanga, halina roho. Nikaliingia."

"Na mwanamke amekukosea nini?" aliuliza Bi Mwantumu.

"Huyu ni posho. Kila askari kapewa kipande chake. Muulizeni mumewe nani aliyegawa."

Halafu jini akamwachia, na Maryamu akabaki anamtazama mumewe kwa macho yake mwenyewe.

"Ni nywele zangu?"

"Ndiyo."

"Ungeniomba."

"Ungekataa, Mama Yusra."

"Ningekataa, ndiyo. Hata kukataa nilikuwa sina haki?"

Muhsin alilia, na hakuna aliyemhurumia. Bi Mwantumu alifungua mfuko wake, akatoa ubani na chungu kidogo cha maji, akaanza kusoma aya. Alipomaliza alimshika Muhsin mkono, akaugeuza, akautazama kama anayechagua muhogo sokoni.

"Sikiliza. Mkono uliobandika ndio unaong'oa. Akigusa mwingine, anamng'oa huyu mama. Ukimvunja askari kabla hujatoa nywele, unamvunja huyu mama. Uzing'oe zote, unitilie humu kwenye maji. Nao hawatakaa wanakusubiri."

Hawakumsubiri. Walikuwa wamerudi wenyewe kwenye rafu, weusi kwa masizi, na alipomshika wa kwanza wengine walimrukia viganjani. Alimng'oa manyoya, na askari akawa udongo. Akamshika wa pili. Mikuki ilipita chini ya kucha, ikapita katikati ya vifundo, ikachana ngozi ya viganja iliyokwisha kuungua hadi mishipa myeupe ikaonekana, naye hakuthubutu kumbana yeyote kwa nguvu, kwa sababu kila alipobana zaidi Maryamu alipiga kelele kule mkekani. Alikuwa anawashika kama mayai na wao wanamchinja vidole. Sakafu ikateleza. Bi Mwantumu alisoma kwa sauti bila kupumzika, na nywele zikaongezeka kwenye chungu.

Jua lilipofika kichwani rafu ilikuwa tupu.

"Akida," alisema Muhsin. "Akida hayupo."

Bi Mwantumu aliifunua shuka. Akida alikuwa amesimama kwenye ngozi mbichi ya kichwa cha Maryamu, mguu mmoja juu ya sikio, ncha ya mkuki wake imegusa pembe ya jicho. Uso ambao Muhsin aliuchonga kwa njiti ya kiberiti ulikuwa unatabasamu, na yeye hakuwa amemchonga tabasamu.

"Usipumue, mama," alinong'ona Bi Mwantumu.

Muhsin aliweka kiganja chake cha kushoto katikati ya mkuki na jicho, taratibu, mpaka ncha ikaingia nyamani, na akaendelea kukisukuma mpaka mkuki ukatokea upande wa pili na akida akawa amenasa kwenye mkono wake. Kwa vidole viwili vya kulia vilivyokuwa bado vinakunjika, akalishika lile fungu nene akalivuta. Maryamu na akida walipiga yowe kwa sauti moja. Kisha udongo mkavu ukamwagika juu ya mto.

Nywele zilifukiwa na Bi Mwantumu mwenyewe. Udongo walikwenda kuumwaga mtoni Korogwe, na harufu ikaisha.

Maryamu alipona polepole. Nyuma ya kichwa lilibaki kovu lisiloota kitu, lakini kwingine nywele zilirudi, fupi na nzito. Vidole vitatu vya Muhsin vilibaki vimekauka. Hakugusa udongo tena, na jua likishuka alikuwa wa kwanza kufunga mlango. Walizungumza kidogo, ila walizungumza. Na neno moja alimwahidi mkewe mbele ya Bi Mwantumu, kwamba kila unywele utakaotoka kwenye kitana ataufukia yeye kwa mkono wake.

Mvua za vuli zilipoanza, Maryamu alitoa kitana chake kwa mara ya kwanza tangu aungue. Muhsin alimwacha wiki nzima bila kusema kitu, kwa aibu. Asubuhi moja akamfuata dirishani.

"Nipe nikafukie."

"Nini?"

"Nywele za kwenye kitana."

Maryamu alimtazama, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu akatabasamu. "Si unazichukua kila siku? Nikimaliza kuchana nakiacha hapa dirishani, nikirudi nakikuta kisafi. Nikasema, haya, mume wangu amejifunza."

Muhsin alikichukua kitana. Hakikuwa na unywele hata mmoja. Alivitazama vidole vyake vilivyokauka, vilivyokuwa havijabandika kitu chochote tangu siku ile, na akakumbuka ni mkono gani unaoweza kung'oa.

Nje mvua ilikuwa imekatika. Chini ya kitanda kitu kilikuwa kinapepetwa, taratibu, kama mchele.

"Baba Yusra," alisema Maryamu, mkono umepanda kichwani, tabasamu halijamaliza kuondoka. "Usinivute nywele, bwana."

Muhsin alikuwa amesimama mbele yake, kitana mkononi.