Mama wa Ng'ombe Namba Kumi na Saba

Kila jioni Mzee Kibii huwaita ng'ombe wake kwa majina. Husimama kwenye lango la boma, kofia mkononi, na kuanza. "Nyota! Malaika! Tumaini! Shantel!" Ng'ombe huinua vichwa. Wengine hawainui, kwa sababu wana nyasi mdomoni na adabu hawana. Hapo kwake Rongai ana ng'ombe kumi na wanane, na hajawahi kusahau jina hata moja. Shantel alipewa jina la mjukuu wake wa Nakuru. Mjukuu alinuna wiki nzima.

Lakini kuna jina moja ambalo mzee alikuwa ameacha kuliita. Sista alinunuliwa akiwa ndama kutoka kwa masista wa misheni, ndiyo maana akaitwa hivyo. Alikuwa mpole, na alizaa ndama saba. Mwezi wa Aprili alipatwa na homa ya maziwa, akafa kabla daktari hajafika. Katika nyumba ya Kibii, ng'ombe aliyekufa hatajwi tena. Ndivyo mama yake alivyomfundisha. Mzee aliufuata mwiko huo bila kuuliza maswali.

Anayetunza habari za ng'ombe ni binti yake wa mwisho, Cherono. Ana sababu. Miaka mitatu iliyopita, mtamba mmoja alipandishwa kwa mbegu ya dume ambaye kumbe alikuwa baba yake. Hakuna aliyekumbuka. Ndama alizaliwa dhaifu, hawezi hata kunyonya. Mama Cherono, yaani Chepkemei, alimnyonyesha kwa chupa siku nne. Siku ya tano ndama akafa, na Chepkemei akalia kama mtu aliyefiwa.

"Hii haitatokea tena," Cherono alisema siku hiyo.

Alimwendea rafiki yake wa chuoni, Adongo. Adongo anaishi Bondeni, mtaa wa Nakuru, katika nyumba ileile ya kaunsil, yaani ya serikali ya mji, ambayo babu yake, mfanyakazi wa reli, alihamia zamani. Kazi yake ni kutengeneza programu za kompyuta. Alimwandikia Cherono programu ya ng'ombe. Kila ng'ombe akawa na namba, sawa na ile iliyo kwenye hereni yake ya sikio. Programu ilijua mama wa kila mmoja, tarehe za kupandishwa, na lini angezaa. Kila Jumapili baada ya kanisa, Cherono alihifadhi habari zote kwenye flashi.

Hapo ninampongeza. Wengi wetu huwa tunasema tutahifadhi kesho.

Jumatatu moja ya Juni stima ilipotea, kisha ikarudi kwa nguvu. Kompyuta ikatoa harufu ya kuungua na kuzima kabisa.

"Usijali, Baba," Cherono alisema. "Kila kitu kiko kwenye flashi."

Aliichomeka flashi kwenye simu yake ili ahakikishe. Faili ikafunguka. Ilikuwa maandishi matupu, mistari mingi yenye mabano ya ncha. Mzee Kibii akavaa miwani na kuchungulia.

"Mbona yule wa misheni bado yuko humu?"

"Nilijaribu kumtoa Aprili, Baba. Programu ilikataa. Ilisema ako na watoto."

"Hii si programu. Hii ni maandishi tu. Mtoe."

"Baba..."

"Mtoe. Lakini ngoja kwanza. Nipe hiyo simu."

Mzee alitoka nayo nje. Alikaa kwenye kigoda karibu na pipa la maji, mgongo ameugeuzia nyumba, kwa karibu nusu saa. Cherono alidhani anamuaga ng'ombe wake, akamwacha. Aliporudi alisema neno moja tu. "Haya."

Cherono alikuwa mtoto mtiifu. Akaifuta mistari yote ya Sista.

Siku ya Alhamisi, wakati wa kukama asubuhi, Chepkemei aliita kutoka bomani. "Cherono! Shantel anatafuta dume! Anapanda wenzake tangu alfajiri!"

Cherono alimpigia simu Kipruto, yule anayepandisha ng'ombe kwa mbegu za mrija.

"Niko na madume wawili," Kipruto alisema. "Kamanda na Bahari. Kamanda ndiye anapendwa sana huku. Nikuje na yupi?"

"Baba ya Shantel alikuwa nani?"

"Mimi nitajuaje? Huyo alipandishwa na yule jamaa alikuwa hapa kabla yangu, na alienda na karatasi zake. Si wewe ndio uko na kompyuta? Nitapita kwenu saa kumi. Ikipita leo, mtangoja wiki tatu."

"Na hizo wiki tatu zikiisha, nitakuwa nimejua nini nisichokijua leo?" Cherono alijiuliza.

Jana yake alikuwa amenunua kompyuta iliyotumika na kuweka programu ndani yake. Sasa akaipa faili. Programu ikasoma kidogo, kisha ikasimama na kuandika: "Mama wa ng'ombe namba 17 ni namba 3. Namba 3 hayupo." Haikufungua kitu kingine. Cherono alijaribu mara nne. Jibu likawa lilelile.

Namba kumi na saba ni Shantel. Namba tatu alikuwa Sista.

Chepkemei alisimama mlangoni na ndoo ya maziwa. Alimtazama binti yake tu, na Cherono akaikumbuka ile chupa ya siku nne.

"Twende Bondeni," alisema Mzee Kibii, akichukua koti lake.

Walifika kwa Adongo saa nne. Chumba chake cha mbele kilikuwa na meza mbili, nyaya nyingi, na jiko dogo lenye sufuria ya chai.

"Cherono, niaje! Karibu, Mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Msichana, hii mashine yako imetukatalia."

Adongo alicheka, akafungua faili. Akamsogezea mzee kiti ili naye aone.

"Mzee, unaona hapa?" Alionyesha kwa kalamu.

<ngombe namba="9">
<jina>Tumaini</jina>
</ngombe>

"Hizi zenye mabano ni lebo. Hii inafungua, inasema hapa ng'ombe anaanza. Hii yenye mkwaju, huu mstari ulioinama, inafunga, inasema ng'ombe ameisha. Katikati ni habari zake. Mtu anaweza kusoma, na mashine pia. Mtindo huu unaitwa XML."

"Nimeona. Kila kinachofunguliwa kinafungwa," mzee alisema.

"Kabisa! Watu wengine hunichukua wiki kuwafundisha hiyo."

Mzee alikohoa kidogo. Alifurahi, ila hakutaka ionekane.

"Sasa," Adongo aliendelea, "Tumaini wa kwenye faili ni maneno tu. Hawezi kufanya kitu. Lakini Tumaini wa ndani ya programu anajua mambo. Ukimuuliza atazaa lini, anahesabu siku na kujibu. Sisi tunaoandika programu, huyo wa ndani tunamwita kitu. Stima ikizima, kitu kinapotea. Faili inabaki."

"Kwa hivyo kila siku mnamtengeneza upya?" mzee aliuliza.

"Kila siku. Mzee, umewahi kuhama nyumba?"

"Mara tatu."

"Kitanda hakipiti mlangoni kikiwa kizima. Unakifungua. Unaandika kwa chaki, huu mguu ni wa kulia, huu wa kushoto. Ukifika kwa nyumba mpya unasoma chaki na kukiunga tena. Programu inafanya hivyo. Ikiona lebo ya ng'ombe, inatengeneza ng'ombe mpya, mtupu. Ikiona lebo ya jina, inampa jina. Tarehe, inampa tarehe. Ikimaliza wote, inarudi mwanzo mara ya pili."

"Mara ya pili ya nini?"

"Kuunganisha watoto na mama zao. Haiwezi kufanya hivyo mara ya kwanza, kwa sababu pengine mtoto ameandikwa juu na mama yuko chini, bado hajatengenezwa. Mara ya pili ng'ombe wote wako. Inauliza, wewe Shantel, mama yako ni namba ngapi? Tatu. Inamtafuta namba tatu." Adongo alinyoosha mikono. "Hayuko."

Mzee Kibii alitazama kofia yake.

"Si ungeifanya ikubali tu, hata bila mama?" Cherono aliuliza.

"Ningeweza. Ingefunguka, na ungefurahi. Halafu ungeiuliza baba ya Shantel ni nani, ikose jibu. Kumbuka habari za kupandishwa tuliziweka ndani ya ng'ombe aliyepandishwa. Baba ya Shantel ameandikwa ndani ya Sista. Ukimtoa Sista, watoto wake wote saba wanapoteza baba siku hiyohiyo."

Mimi ninayeisimulia hadithi hii si mtu wa kompyuta. Lakini niliposikia hapo nilivua kofia. Msichana wa Bondeni alikuwa ametengeneza programu inayojua kusema "sijui" badala ya kukisia. Ninawajua watu wazima wengi wasioweza hilo.

"Uko na nakala ingine, Cherono?" Adongo aliuliza. "Ya zamani, hata ya Mei?"

"Nilikuwa nahifadhi juu ya ileile." Cherono aliigeuza flashi mkononi. "Na kwa simu nilifuta palepale kwenye flashi. Adongo, ni mimi nilifuta kwa mkono wangu. Saa kumi Kipruto anakuja, na sina jibu."

Mzee Kibii aliweka kofia mezani. Akaingiza mkono ndani ya koti, mfuko wa kifuani, akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne. Aliikunjua polepole na kuilaza mbele ya Adongo.

Ilikuwa imejaa maandishi ya kalamu ya wino. Mzee alikuwa karani wa chama cha maziwa miaka thelathini, na mwandiko wake ulikuwa umenyooka. Kila mstari wa Sista ulikuwa pale. Namba yake, jina, tarehe, madume wote. Hata mabano ya ncha aliyanakili, moja baada ya jingine, bila kujua ni ya nini.

"Baba!" Cherono alisema. "Siku ile na simu..."

"Nilisema asitajwe," mzee alijibu. "Sikusema asahauliwe."

Adongo alivuta kibodi karibu. Alianza kuchapa moja kwa moja kutoka kwenye karatasi. Alipofika karibu na mwisho, vidole vyake vikasimama.

"Mzee, hii ni nini? Hii haikuwa kwa faili yangu."

Juu kidogo ya lebo ya mwisho palikuwa na mstari mmoja wa ziada.

<alikufa>12 Aprili</alikufa>

"Hiyo niliongeza mwenyewe," mzee alisema. "Niliona kila habari ina mlango wa kuingia na wa kutoka. Nikaona hiyo nayo ni habari yake. Kama nimekosea, ifute."

"Nifute?" Adongo alimgeukia. Macho yake yaling'aa. "Mzee, umeandika lebo. Tena umeiweka mahali pake, ndani ya ng'ombe, na umeifunga. Ni mimi niliyekosea. Nilitengeneza programu ya ng'ombe na nikasahau kwamba ng'ombe hufa. Nilimwachia Cherono kumfuta au kumwacha na walio hai. Zote mbili si sawa."

Alifungua programu yake na kufanya kazi kwa zaidi ya saa moja, huku chai ikipoa. Alitengeneza nafasi ya ile lebo ya mzee. Kuanzia siku hiyo, ng'ombe mwenye lebo hiyo haonekani kwenye orodha ya wanaokamwa. Lakini anabaki pale nyuma, mama wa watoto wake.

"Haya. Tujaribu."

Programu ikasoma faili. Ikatengeneza ng'ombe mmoja mmoja, kisha ikarudi mara ya pili kuunganisha. Haikusimama. Kumi na wanane wakajitokeza kwenye kioo, kila mmoja na jina lake. Cherono akambofya Shantel.

Mama: Sista. Baba: Kamanda.

"Kamanda," Cherono alinong'ona. Kisha akapiga kelele. "Kamanda! Angekuja na Kamanda!"

Akampigia Kipruto hapohapo. "Leta Bahari! Umesikia? Bahari!"

"Sawa, sawa, nimesikia. Mbona unalia sasa?"

Kabla hawajaondoka, Adongo aliiweka faili nzima kwenye flashi mbili. Alimwonyesha Cherono jinsi ya kuandika tarehe kwenye jina la kila nakala, ili ya leo isiilalie ya jana. Kisha akaomba ile karatasi.

"Ya nini?" mzee aliuliza.

"Niiweke ukutani. Kila mtu akiniambia hizi vitu ni ngumu, nitamwonyesha."

Mzee alifikiri. "Hapana," alisema, akaikunja mara nne. "Lakini unaweza kuipiga picha."

Shantel alizaa mwezi wa Machi. Ndama alikuwa jike, mweusi mwenye alama nyeupe usoni. Alisimama kabla jua halijapanda, akanyonya mwenyewe, kwa pupa. Chepkemei alimtazama akinyonya, akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga.

Jioni hiyo Mzee Kibii alisimama langoni kama kawaida, kofia mkononi. Cherono alikuwa ameketi kando yake, kompyuta mapajani, akingoja kumwandika ndama.

"Namba ishirini," Cherono alisema. "Mama, Shantel. Baba, Bahari. Jina?"

Mzee alimtazama ndama. Kisha akaita kwa sauti iliyofika hadi kwa majirani.

"Sista!"

Ndama akainua kichwa.