Barua Iliyosomwa Nusu

Kila asubuhi Kiherehere alifagia sebule kabla ya kwenda shule. Jina hilo alipewa na baba yake, na kwa kweli lilimfaa. Siku moja aliokota chini ya meza barua ya mama yake, daktari wa upasuaji. Alisoma mistari miwili tu: mama ana virusi vya homa ya ini, asishike kisu wala sindano. Akaogopa kuchelewa, akaiacha. Mapumzikoni akamnong'oneza rafiki yake mmoja. Maji yakimwagika hayazoleki.

Kufikia alasiri habari ilikuwa imeenea mtaa mzima, na mawe yakaanza kunyesha juu ya bati la nyumba yao. Dirisha la jikoni likavunjika. Nje, muuza nyama alisimama na panga, umati nyuma yake.

"Toka, muuaji. Umempasua mke wangu huku unaumwa."

Mama alipofungua mlango walimvuta, wakamwangusha, mmoja akampiga teke la mbavu. Kiherehere akachomoka ndani, akajilaza juu yake. Jiwe likampata juu ya jicho, ngozi ikachanika, damu ikamfumba macho.

"Jamani, mtoto," mwanamke mmoja akasema. Mawe yakakoma.

Mama akabana kidonda kwa kitambaa.

"Mshone basi," muuza nyama akasema kwa sauti ya chini. "Si wewe ndiye fundi?"

"Siruhusiwi, hata kwa mwanangu, mpaka dawa zivishushe hivi virusi. Nilijipima na kujiripoti mwenyewe, ndugu yangu. Na wote niliowapasua wataitwa kupimwa. Barua imesema yote hayo."

"Ni mimi niliyesema," Kiherehere akalia. "Sikuimaliza."

Muuza nyama alitupa panga, akambeba mtoto mbio hadi hospitali. Muuguzi alimshona nyuzi saba.

Mke wa muuza nyama alipimwa, akakutwa mzima. Mumewe akaja mwenyewe kuweka kioo kipya dirishani, macho chini, hata chai akaikataa kwa aibu. Miezi minne baadaye ikaja barua ya pili.

"Kuugua si kosa, mwanangu," mama alisema. "Kosa lingekuwa kuficha na kuendelea kupasua watu. Na nusu ya ukweli nayo huua. Siku ile ilibaki kidogo tu." Akamkabidhi barua. "Haya, soma. Mpaka kwenye sahihi."

Kiherehere akaisoma yote kwa sauti, kidole kikipapasa kovu lake. Mama angerudi kazini Jumatatu.