Deraya ya Malkia wa Panga

Dakika tatu zilitosha. Sindano elfu mbili za Mfumaji zilimzunguka Siwema kuanzia shingoni hadi magotini, zikisuka nyuzi za chuma juu ya mwili wake, na ziliponyamaza alikuwa amesimama ndani ya deraya inayometameta, tayari kupanda ulingoni kama Malkia wa Panga. Injinia Havijawa Mrisho, aliyeibuni mashine hiyo, alisogea akaigusa deraya kifuani. Kidole chake kiliteleza kati ya matiti mawili ya chuma, kikakwama katikati, juu ya mfupa wa kidari. Alipajua mahali hapo.

Kwa miaka minne Uwanja wa Njozi, pale Dodoma, ulikuwa ukiwapambanisha mashujaa wa hadithi za kale na Jitu, roboti la kilo mia tatu lenye mkuki wa kweli. Mfumaji ilijifunza kazi yake kwa kihesabu-macho, kifaa kilichopima watazamaji wanakodolea wapi. Wanaume walitazamwa mabega, wakafumiwa mabamba mapana. Wanawake walitazamwa kwingine, na mashine, isiyojua haya, ikawaacha matumbo wazi na kuwafinyanga vifua.

Wiki iliyopita Mwaija, rafiki yake Siwema, alifia ulingoni. Kampuni ikatangaza kuwa moyo wake ulikuwa na kasoro ya kuzaliwa. Havijawa aliamini, maana kuamini kulimpa usingizi, mpaka asubuhi hiyo alipoletewa deraya ya marehemu aiyeyushe. Ilikuwa imebonyea mahali pamoja tu, palepale kidole chake kilipokwama sasa. Mkuki haukuwa na haja ya kulenga; deraya yenyewe iliuelekeza njia.

Alimpigia meneja, Bwana Kisanji, akamsihi aahirishe pambano. Kisanji alimsikiliza kwa upole, kisha akamkumbusha nani alitia saini cheti cha usalama. Zilibaki dakika kumi. Siwema asipopanda, angepanda mwingine, kwa deraya ya mashine ileile.

Kuifundisha Mfumaji upya kulihitaji siku mbili. Havijawa aliangaza macho chumbani, akaona kanga zikichungulia kwenye begi la Siwema. Wapiganaji walikatazwa kuingia mashinani na nguo nzito, kwa sababu vihisi vyake havikutofautisha kitambaa na mwili.

"Vua hiyo," alisema. "Leo utajifunga kibwebwe kuanzia kwapani."

Siwema aliivua deraya. Walizungusha kanga ya kwanza, ya pili, ya tatu, Havijawa akivuta kwa nguvu zote, goti mgongoni kwa mwenzake, mpaka kifua na kiuno vikawa sawasawa. Mfumaji ilimpima, ikasita, ikampima tena. Mwishowe iliamua kuwa huyu ni mwanamume, ikamfumia bamba moja la mviringo kama pipa, kutoka shingoni hadi nyongani.

Watazamaji walizomea walipomwona. Jitu halikujali. Lilichoma mara mbili, Siwema akakwepa. Mara ya tatu mkuki ulikwenda moja kwa moja kifuani. Havijawa, mbele ya skrini, alifumba macho. Alipofumbua, chuma kilikuwa kimeteleza juu ya bamba na kupita chini ya kwapa, na Siwema alikuwa bado wima, anapigana.

Aliporudi alikaa kwenye benchi, akaanza kuzifungua kanga zilizolowa jasho.

"Dada, Mwaija alikuja humu mwezi uliopita," alisema. "Aliomba afumiwe bamba bapa. Akaambiwa mashine haikosei, ajifunze kukwepa. Nani alimwambia hivyo?"

Havijawa angeweza kumtaja Kisanji, na Siwema angeamini.

"Mimi," alisema Havijawa.

Siwema hakupandisha sauti. Alizikunja kanga zote tatu, akazirudisha begini.

"Mama yake Mwaija anawapeleka wanawe wengine hospitali kila siku wakapimwe moyo," alisema. "Vaa viatu, twende ukamwambie."